Saa Moja ya Tiketi Si Saa Moja ya Safari

Kutoka Singapore hadi Kuala Lumpur kwa njia ya anga ni kilomita 300 hivi, na tiketi husema safari ni ya saa moja. Hata katika saa hiyo, ndege huwa hewani kwa dakika 45 hivi tu. Abiria hajamaliza glasi yake ya maji anaambiwa afunge mkanda, ndege inashuka. Haishangazi kwamba hii ni mojawapo ya njia za kimataifa zenye ndege nyingi zaidi duniani. Lakini mtu hasafiri kutoka uwanja hadi uwanja. Husafiri kutoka mlangoni kwake hadi mlango wa anakokwenda, na kipimo hicho ndicho kinachopaswa kuziongoza serikali zinapoamua zijenge nini.

Tupige hesabu. Nusu saa kufika uwanja wa Changi. Saa mbili za kujiandikisha, kukaguliwa na kusubiri. Saa moja ya ndege. Dakika 45 za uhamiaji na mizigo. Kisha uwanja wa Kuala Lumpur uko Sepang, zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini, na treni ya moja kwa moja huchukua dakika 28. Jumla inakaribia saa tano. Basi linalopita daraja la Johor, foleni ya mpakani isipokuwa ndefu, halichukui muda mrefu zaidi ya huo.

Ndiyo sababu reli ya mwendo kasi, ambayo Singapore na Malaysia zilitia saini mkataba wake Desemba 2016, ilikuwa wazo sahihi. Treni yake ingesafiri kilomita 350 kwa dakika 90. Wapo watakaosema treni nayo ina foleni. Ni kweli, ila mpango ulikuwa abiria agongewe mihuri ya nchi zote mbili kabla ya kupanda, akishuka aende zake. Ukimwongezea saa nzima ya kusubiri na nusu saa ya mjini kila upande, bado angefika kwa saa tatu na nusu.

Hoja nzito zaidi dhidi ya reli hiyo ni fedha. Malaysia iliahirisha mradi mwaka 2018 ikihofia madeni, na mkataba ukafa mwisho wa 2020. Hofu ile haikuwa ya bure; reli ya namna hiyo humeza mabilioni. Lakini kuacha nako kuligharimu: Malaysia iliilipa Singapore fidia ya zaidi ya dola milioni 102 za Singapore, bila kupata hata mita moja ya reli. Basi pande hizo mbili zikirudi mezani, zibishane kuhusu gharama zitakavyo, ila upande wa pili wa mizani ziweke saa tano za abiria, si saa moja iliyochapwa kwenye tiketi.