Ushuru wa Marehemu Usisahauliwe Kabla ya Kugawa Mirathi

Twajibu masuali mawili ambayo akina mama hutuletea mara kwa mara. Je, mtu akifa, serikali hutoza ushuru juu ya mirathi? Na mjane aliye edani afanyeje karatasi zinapohitajika?

Jawabu la kwanza ni fupi. Kenya ilikuwa na ushuru wa mali ya maiti, nao ukafutwa mwaka 1982. Basi atakayemwendea mjane na kumtaka fedha za "ushuru wa mirathi" ili mali iachiliwe, asipewe hata senti. Ada za mahakama zipo, lakini hizo hutolewa risiti.

Hata hivyo, ushuru aliodaiwa marehemu alipokuwa hai haukuzikwa pamoja naye. Wengi wetu hapa pwani twaishi kwa kodi za nyumba. Tangu Januari 2024, mwenye nyumba apokeaye kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutakiwa kulipa KRA asilimia 7.5 ya kodi hiyo, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Pengine baba aliugua miezi mingi na hakuna aliyelipa. Pengine reti za kaunti nazo zimelimbikizana. Hayo yote ni madeni.

Surat an-Nisaa, katika aya ya 11 na ya 12, yatufunza kuwa mafungu hugawanywa baada ya wasia na deni. Ndipo wanazuoni wakapanga: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, mwisho mirathi. Thumuni ya mjane mwenye watoto ni thumuni ya kilichobaki, wala si ya kilichoachwa.

Wako wasemao kwamba ushuru si deni la kisharia. Sisi twawauliza: ukidaiwa baada ya mali kugawanywa, nani atakayerudisha? Ndugu mkubwa amekwisha kuuza fungu lake, na waliobaki ndani ya nyumba ni mjane na mayatima. Hao ndio watakaobeba mzigo wa wote.

Kwa hiyo, hatua ni hizi. Tusizike bila kibali cha mazishi, kwani ndicho kitangulizi cha cheti cha kifo. Kisha ichukuliwe barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, wake na mabinti wakiwemo, ipelekwe Mahakama ya Kadhi. Msimamizi aliyethibitishwa na mahakama ndiye aendaye KRA na nambari ya PIN ya marehemu kuuliza kinachodaiwa. Kodi zinazoendelea kuingia aziandike daftarini, maana ni amana ya warithi, nazo pia zina ushuru wake.

Ama mjane, eda yake ni miezi minne na siku kumi, au hadi ajifungue akiwa mjamzito. Wanazuoni wamemruhusu kutoka mchana kwa haja, na kulinda haki ya mayatima ni haja. Asiambiwe, "Wewe kaa ndani, sisi wanaume tutamaliza," kisha akaletewa karatasi atie sahihi asichokisoma.

Nasi tulio hai, tuandike leo tunachomiliki na tunachodaiwa, na mke aonyeshwe karatasi zilipo. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atuwafikishe kulipa yaliyo juu yetu. Amin.