Usa River: Faili nene halileti ubora shambani

Maua na mboga zinazofungashwa Usa River asubuhi zinaweza kuwa Ulaya ndani ya siku chache. Mzigo ukikutwa na mabaki ya viuatilifu kupita kiwango, unakataliwa. Hapo haumii mwenye shamba peke yake. Kibarua anayekata na kufunga naye anakosa kazi.

Ndiyo maana wanunuzi wengi wa Ulaya hudai cheti kama GLOBALG.A.P. Kucheti hakuna ubaya. Shida ni namna mfumo unavyoingizwa kazini.

Mshauri akianza na faili nene la Kiingereza na fomu kibao, matokeo yanajulikana. Watu wanaendelea kama zamani, halafu wiki moja kabla ya ukaguzi wanajaza fomu za miezi mitatu kwa kalamu moja.

Somo kutoka Mbeya

Mwaka 2007, Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza kutumia mbinu ya Kijapani ya 5S, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Japani, JICA. Kwa Kiswahili ikawa Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia.

Yaani: ondoa usichohitaji, panga kila kitu mahali pake, fanya usafi, wekeni utaratibu mmoja, kisha msiuache. Mtu wa stoo anaelewa, muuguzi anaelewa. Hatua ngumu zaidi za kuboresha kazi zilipangwa kufuata baadaye. Wizara ya Afya ikaipeleka njia hiyo hospitali nyingine nchini.

Hata ISO wenyewe wamepunguza makaratasi. Toleo la 2015 la kiwango cha ISO 9001 liliondoa sharti la kila taasisi kuwa na kitabu cha mwongozo wa ubora.

Rahisi si ulegevu

Kuna kumbukumbu ambazo huwezi kuzikwepa: dawa gani imepigwa, lini, kitalu kipi, na siku ngapi zimepita kabla ya kuvuna. Boksi nalo liwe na namba ya kitalu. Bila hizo, boksi moja likikataliwa unashindwa kujua tatizo lilianzia wapi, na shamba zima linaingia kwenye mashaka.

Lakini hayo yote yanaenea kwenye ukurasa mmoja wa Kiswahili, ukibandikwa pale pale kazini na kujazwa siku ile ile na aliyefanya kazi. Ukurasa huo ukishazoeleka, ongeza mwingine.

Kama una shamba au kiwanda kidogo, jaribu hili kabla ya kumlipa mshauri. Muulize anayefunga boksi: "Ukiona mzigo una kasoro, unafanya nini, na unamwambia nani?"

Akijibu papo hapo, mfumo tayari unao. Akianza kutazama mlango wa ofisi, anza na hapo kwanza. Faili litasubiri.