Daftari la dispensari nalo ni chombo cha usalama



Ukifika dispensari, muuguzi anaandika jina, umri na ugonjwa. Mimi nasema haitoshi. Aandike pia shimo unaloshuka.

Kumbukeni Durba, kule Haut-Uele, kaskazini ya Goma yetu. Tangu 1998 hadi 2000, homa ya Marburg, ile ya kutokwa damu, ilishika watu 154 ikaua 128. Zaidi ya nusu walikuwa vijana wachimba dhahabu. Wenyeji waliijua tangu zamani, hata wakaiita kwa jina la mji wao. Lakini watafiti walipopanga wagonjwa kufuata kazi na mahali, karibu wachimbaji wote waliougua walikuwa wa shimo moja, Goroumbwa, lenye popo wengi. Shimo lilipojaa maji, ugonjwa ukakoma.

Hesabu ya namna hiyo si ya mabingwa wa maabara peke yao. Muuguzi wa kijijini anaiweza, akifundishwa kuuliza vizuri na kulinganisha daftari lake kila juma. Tunaomba wakubwa watupe siku za mafunzo hayo. (Wengine watasema tunakimbia zamu!) Nanyi mkiulizwa mnashuka shimo gani, msifiche kwa kumwogopa kapita.