Ukuta wa Uwanja si Ubao wa Tangazo

Skuli ya visiwani inapopata bahati ya kutengenezewa uwanja wake wa michezo, mambo huenda kwa mpangilio uliozoeleka. Huanza kifusi, ikafuata saruji, zikaja nyasi, likasimama jukwaa, ukapandishwa ukuta. Siku ya mgeni rasmi kuja kukata utepe inapokaribia, ndipo mtu mmoja katika kamati hukumbuka kwamba ukuta ule mrefu, mweupe, hauna kitu. Huitwa fundi wa kuandika mabango, akapewa siku mbili, makopo matatu ya rangi na fedha zilizosalia baada ya kila mtu kulipwa. Huambiwa achore mpira, mwenge na mtoto anayekimbia. Upande ulio bora zaidi, ule unaotazamana na jukwaa, huachiwa mfadhili aweke jina la bidhaa yake. Masika ya kwanza hupita juu ya ukuta huo, na ya pili. Mtoto anayekimbia hupoteza mguu, mwenge huzimika, na jina la mfadhili pekee ndilo hupakwa rangi upya.

Wapo wanaoliita jambo hilo sanaa ya umma. Hilo ni jina kubwa kwa kitu kidogo. Fundi wa mabango hana lawama, kwani amefanya alichoweza kwa muda na malipo aliyopewa. Lawama ni ya walioagiza, au kwa usahihi zaidi, ya wale ambao hawakuagiza kabisa. Kuagiza kazi ya sanaa ni kumchagua msanii kwa hoja, kumpa muda, kumpa mahali palipotengwa tangu ramani inapochorwa, na kumlipa kama anavyolipwa msanifu majengo. Kilichofanyika katika uwanja huo ni kuziba uwazi.

Ajabu ya jambo hili ni kwamba linatokea katika pwani ambayo haikuwahi kujenga namna hiyo. Husimuliwa Unguja kwamba mwenye kutaka kujenga nyumba ya fahari alianza na mlango. Mlango ulichongwa na kusimamishwa, kuta zikaja kuufuata. Kizingiti cha juu kilipewa aya, mwimo ukapewa maua na minyororo, mfaa ukapewa nakshi yake. Mchongaji hakuitwa mwisho kuja kuremba mbao zilizokwisha kupigiliwa misumari. Yeye ndiye aliyeipa nyumba uso. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani yamo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika mawe ya kibla, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Yamepita matengenezo mengi juu ya msikiti huo na mawe yale yangalipo, kwa sababu hayakubandikwa ukutani. Ni ukuta.

Hoja ya kwanza ya wapinzani inajulikana, nayo si ya kudharauliwa. Wanasema: skuli haina mipira, haina maji, vyoo vimejaa, na watoto wanakaa sitini katika darasa moja, nani mwenye akili atatoa fedha za nakshi? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama fedha za nakshi zingetolewa katika mfuko wa mipira na vyoo. Lakini sanaa ya jengo ni sehemu ya gharama ya jengo, kama rangi, kama bati, kama kibao cha marumaru chenye jina la mgeni rasmi, ambacho hakuna aliyewahi kukiita anasa. Uwanja ukigharimu shilingi milioni 300, asilimia moja yake ni milioni 3. Anayesema kiasi hicho ndicho kinachowanyima watoto maji hajatazama hesabu nyingine za mradi huo huo.

Ufaransa ililitazama jambo hili mapema. Mwaka 1936 Jean Zay, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alipendekeza kwamba sehemu ya fedha za ujenzi itengwe kwa ajili ya wasanii, ambao wengi wao wakati ule walikuwa hawana kazi. Pendekezo halikupita, na Zay mwenyewe aliuawa mwaka 1944 na wanamgambo waliokuwa wakishirikiana na Wajerumani. Mwaka 1951, nchi ikiwa bado inajenga upya kilichobomolewa na vita, amri ikatoka: asilimia moja ya gharama ya kujenga majengo ya elimu itumike kuagiza kazi ya sanaa kwa ajili ya jengo lenyewe. Tangu hapo zimeagizwa kazi zaidi ya 12,000. La kuzingatiwa hapa ni kwamba amri hiyo haikuanzia katika majumba ya mawaziri wala katika mabenki. Ilianza na skuli, na majengo mengine ya umma yakafuata baadaye sana. Na ilitolewa katika miaka ya uhaba.

Mfano unaogusa uwanja wa michezo hasa uko mbali zaidi, katika mji wa San Francisco, Marekani. Huko iko skuli ya sekondari ya George Washington, iliyofunguliwa mwaka 1936, wakati wa ile dhiki kuu ya uchumi ambapo serikali iliwalipa wasanii mshahara wa kufanya kazi katika majengo ya umma. Kwenye ukuta unaouzuia mwinuko wa ardhi kando ya uwanja wa michezo, Sargent Johnson, mchongaji Mweusi aliyezaliwa mwaka 1888, alikamilisha mwaka 1942 mchongo wenye urefu wa zaidi ya mita 50: wanariadha wa michezo mbalimbali, miili yao mikubwa na mitulivu, wakiwa wamefungamana na ukuta wenyewe. Hakuna awezaye kuung'oa mchongo ule bila kuung'oa uwanja. Hakuna jina la bidhaa juu yake. Mtoto aliyecheza pale mwaka 1942 na anayecheza pale leo wamekimbia mbele ya watu wale wale wa mawe.

Lakini skuli hiyo hiyo ina funzo jingine, tena chungu, na haifai kusifu la uwanjani na kulificha la ndani. Katika ukumbi wa kuingilia, Victor Arnautoff, mzaliwa wa Urusi, alichora mwaka 1936 maisha ya Washington katika sehemu 13. Nia yake haikuwa kumsifu tu rais huyo: alionyesha Waafrika watumwa katika shamba lake, na Mhindi Mwekundu aliyeuawa akiwa amelala chini huku wazungu wakisonga mbele. Arnautoff alitaka kuwasuta wenye nguvu. Ila watoto Weusi walioipita picha ile kila asubuhi hawakuona suto. Waliona babu zao wakiwa wameinama. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi waligoma kuikubali. Badala ya kufuta, iliagizwa kazi ya pili ya kuijibu ile ya kwanza, akapewa kijana Mweusi, Dewey Crumpler, aliyeimaliza mwaka 1974. Mwaka 2019 ugomvi ukarudi. Bodi ya skuli ikaamua michoro ya Arnautoff ifunikwe kwa rangi, kazi iliyokadiriwa kugharimu hadi dola 600,000. Baadaye ikasema ifunikwe kwa mbao. Mwaka 2021 mahakama ikauzuia uamuzi huo. Miongoni mwa waliosimama kuitetea michoro ile alikuwa Crumpler mwenyewe, yule aliyeagizwa kuijibu.

Wasiopenda sanaa ya umma huchukua kisa kama hiki na kusema: mwaona, ukutani hapana salama, bora kuwe kweupe. Hilo ni somo lililosomwa kinyume. Kilicholeta balaa si picha kuwa ukutani. Ni watazamwa kutoulizwa. Na kilichotuliza balaa mara ya kwanza hakikuwa chokaa, bali kazi nyingine, iliyozaliwa baada ya wanafunzi kusikilizwa. Ukuta mweupe nao haukai mweupe. Usipopewa msanii utachukuliwa na mfanyabiashara, na mfanyabiashara haulizi mtu.

Hoja ya pili ya wapinzani ni nzito zaidi kwa watu wa visiwani, nayo ni ya dini. Wazazi wengi hawataki sanamu wala sura ya kiumbe katika uwanja ambapo watoto wao husimama. Msanii mwenye kiburi atawaita washamba. Mwenye hekima atawasikiliza, kwa sababu pwani hii ina utajiri wa kutosha bila ya sura. Ina nakshi ya mbao, ina chokaa iliyochongwa ya nyumba za Lamu na Pate, ina hati za Kiarabu ambazo Kiswahili kiliandikwa kwazo kwa karne kadhaa, ina mikeka na kofia zenye hesabu za mapambo ambazo hata mwalimu wa jometri angezionea wivu. Na hata sura zenyewe, palipokuwa na sababu nzito na mahali palipofikiriwa, zimepata nafasi. Kumbukumbu ya watumwa iliyochongwa mwaka 1998 na Clara Sörnäs, msanii wa Uswidi, iko Mkunazini, mahali palipokuwa soko. Watu wale wamesimama ndani ya shimo, na minyororo shingoni, chini ya usawa wa ardhi. Mahali, historia na umbo vinashikana. Kamati inayoagiza sanamu ya saruji ya mchezaji asiyejulikana, kwa sababu tu uwanja jirani unayo, haijajifunza chochote kutoka Mkunazini.

Na hapa ndipo washairi wanapohusika, ingawa wengi wao watashangaa kuitwa. Katika nchi ambayo kanga husema, ambayo harusi haifungwi bila utenzi, na ambayo ugomvi wa mtaa na mtaa hujibizana kwa beti, ni ajabu kubwa kwamba ukuta wa uwanja wa skuli haujui shairi. Malenga aliyeombwa beti nne kwa ajili ya ukuta ule, zikachongwa katika jiwe na mkono wa fundi anayejua hati, atakuwa amewapa watoto kitu ambacho hakuna kitabu cha kiada kinachoweza kuwapa: mizani inayosomwa kwa pumzi ya mtu anayekimbia. Kina cha kati hapa, kina cha mwisho kule kwenye kona. Mzunguko mmoja, ubeti mmoja. Lakini malenga naye alipwe. Imezoeleka kumwalika mshairi siku ya ufunguzi aje aghani mbele ya mgeni rasmi, kisha akapewa soda na nauli. Mkandarasi wa nyasi hakupewa soda.

Wakubwa watauliza lifanyike nini hasa. Kwanza, fedha za sanaa ziandikwe katika makadirio ya mradi siku ile ile yanapoandikwa ya saruji, si katika safu ya mengineyo. Pili, zabuni ya sanaa isiamuliwe kwa bei ya chini. Sheria ya ununuzi inayomfaa muuza mabati haimfai mchongaji, kwani bati ni bati, lakini mikono miwili ya wachongaji haifanani. Waalikwe wasanii watatu au wanne, walipwe kwa michoro yao ya mwanzo, na walioshindwa wapewe sababu. Tatu, katika meza ya uamuzi wakae wanafunzi wawili, wa kike na wa kiume, pamoja na mwalimu wa michezo na mzee mmoja wa mtaa, nao wawe na kura, si viti tu. Nne, mkataba useme nani atakayeitunza kazi, kwa fedha gani, na nani mwenye haki ya kuiondoa. Mali bila daftari huisha bila habari. Tano, mfadhili ashukuriwe kwa kibao kidogo langoni, na ukuta uachwe kwa watoto.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Wachongaji wapo, na baadhi yao wanachonga masanduku ya kuwauzia watalii kwa sababu hakuna kamati iliyowahi kuwapigia hodi. Washairi wapo, na diwani zao zimelala katika madaftari. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuwaita mapema.

Tarehe 23 Septemba 1964 Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo, na hadi leo siku hiyo huadhimishwa kwa tamasha la skuli ambalo michezo ndiyo roho yake. Watoto hukusanyika viwanjani, Unguja na Pemba, wakakimbia, wakaruka, wakapigiwa makofi. Tangazo lile lilikuwa na maana kwamba mtoto wa mvuvi na mtoto wa karani wanastahili kitu kimoja, tena kilicho kizuri. Uwanja unaotengenezwa leo utatumiwa na watoto hao kwa miaka thelathini au arubaini. Katika muda wote huo, yule wa mwisho katika mbio, ambaye hatapata kikombe wala picha gazetini, ataupita ukuta ule mara nyingi kuliko mgeni rasmi yeyote. Basi kamati zinapokaa kupanga, zimfikirie yeye, na ziamue angali hajaanza kukimbia iwapo atasoma ubeti au bei ya sabuni.