Sauti Hizo Zinatoka Wapi?



Katika vijiji vyetu vya Mbulu na Hanang' wako watu ambao huitwa vichaa. Mtu wa namna hiyo huzungumza peke yake njiani. Husikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Huona watu ambao hawapo. Husema jirani amemtilia sumu kwenye uji, kumbe jirani hana habari. Watoto humtupia mawe. Pengine jamaa zake humfunga kamba kwenye nguzo ya nyumba.

Tukiuliza sababu, tunapata majibu mengi. Mmoja husema amerogwa. Mwingine husema wahenga wamekasirika. Wa tatu husema amekutana na pepo wa chemchemi.

Maoni yangu ni haya. Huo ni ugonjwa wa ubongo, nao una dawa. Hospitali iwe mahali pa kwanza pa kumpeleka mgonjwa. Isiwe mahali pa mwisho, baada ya ng'ombe kwisha zizini.

Msikubali kwa sababu tu afisa wa elimu amesema. Tufikiri pamoja.

UBONGO HUKISIA

Jioni unarudi kutoka shambani. Mbele yako kuna kitu cheusi kimeinama. Moyo unapiga. Fisi! Unasogea kidogo, unaona ni kisiki.

Nani alikuonyesha fisi? Si macho. Macho yalileta giza na umbo tu. Ubongo ndio uliokisia kuwa ni fisi. Kisha macho yakaleta habari zaidi, nao ubongo ukajisahihisha.

Ubongo wa kila mtu hufanya hivyo kutwa nzima. Hukisia, kisha hutazama kama umekisia sawa. Ubongo ukiugua, kazi ya kujisahihisha huharibika. Mgonjwa hukifikia kisiki, na bado anaona fisi. Hayo ndiyo maruweruwe.

Na sauti je? Kila mmoja wetu husema moyoni mwake. "Nikifika nyumbani nitakamua ng'ombe." Hatushangai, kwa sababu ubongo hutujulisha kuwa maneno hayo ni yetu wenyewe. Wataalamu wengi hueleza kwamba kwa mgonjwa alama hiyo hupotea. Maneno ya ubongo wake humjia kama maneno ya mtu mwingine. Mwaka 1993 watafiti wa London walitoa taarifa ya kupima mwendo wa damu katika ubongo wa wagonjwa. Mgonjwa alipokuwa akisikia sauti, damu iliongezeka katika sehemu ya ubongo inayotunga maneno.

Basi mgonjwa hasemi uongo. Anasikia kweli. Lakini anayesema ni ubongo wake mwenyewe.

Kuna pia kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Kazi yake moja ni kutujulisha lipi ni jambo la maana. Ikizidi, kila jambo huonekana lina maana kubwa. Jirani akikohoa, hiyo ni ishara. Mbwa akibweka, hiyo ni habari. Mgonjwa hutafuta maelezo ya ishara hizo, halafu husema, "Wamekula njama waniue." Mwaka 1952 madaktari wa Paris, Ufaransa, walianza kuwatibu wagonjwa wa akili kwa dawa ya klopromazini. Baadaye ikajulikana kuwa dawa hiyo hupunguza nguvu ya dopamini. Dawa za aina hiyo zinatumika hata hapa Tanzania.

JINA SI USHAHIDI

Mtu atauliza, "Kama ni ubongo tu, mbona mgonjwa wetu anamtaja mchawi kwa jina?"

Ni kwa sababu ubongo hutumia mambo unayoyajua. Watafiti walizungumza na wagonjwa wa Marekani, Ghana na India, watu 20 kila mahali. Wagonjwa wa Marekani walieleza zaidi sauti za matusi na ukatili. Wa Ghana wengi walisema wanamsikia Mungu. Wa India wengi walisikia sauti za jamaa zao. Ugonjwa ni wa aina moja, lakini huvaa nguo za kila nchi.

Jambo hili ni zito. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mgonjwa akimtaja bibi wa jirani, jina hilo limetoka katika ubongo unaougua. Si ushahidi. Bibi huyo asipigwe wala asifukuzwe. Na mgonjwa naye asiadhibiwe kwa kumtaja.

SABABU MOJA IKO HAPA KWETU

Sababu za magonjwa ya akili ni nyingi. Mengine hufuata ukoo. Malaria ikipanda kichwani huweza kuleta maruweruwe. Pombe na bangi pia huweza. Wako akina mama ambao huchanganyikiwa siku chache baada ya kujifungua.

Lakini iko sababu nyingine iliyochunguzwa hapa hapa kwetu. Ni tegu wa nguruwe. Mwaka 2004 ilitolewa taarifa ya utafiti wa wilaya ya Mbulu. Nguruwe 770 wa vijiji 21 walitazamwa ulimi. Karibu 17 katika kila 100 walikuwa na vifuko vya tegu mchanga. Kisha mwaka 2009 ikatolewa taarifa ya utafiti wa Haydom. Watu 212 wenye kifafa walipigwa picha za ubongo. Karibu 18 katika kila 100 walionekana kuwa na vifuko hivyo ndani ya ubongo.

Vifuko hivyo huleta hasa kifafa na maumivu ya kichwa. Lakini kwa baadhi ya watu huleta kuchanganyikiwa, na kuona au kusikia yasiyokuwapo.

Tegu huingiaje? Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vifuko, nayo haikuiva, hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi cha mtu huyo. Nguruwe akila kinyesi hicho, hupata vifuko mwilini. Nasi tukila mayai hayo kwa mikono michafu, mboga au maji, vifuko huweza kuota katika ubongo wetu. Kwa hiyo hata mtu ambaye hali nguruwe huweza kuugua kwa sababu ya jirani asiye na choo.

Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, wakachimba vyoo. Kazi hiyo haijaisha. Choo hulinda tumbo, na hulinda akili pia.

TUFANYE NINI?

Wengine watasema, "Fulani alipona kwa mganga wa jadi." Huenda ni kweli kwamba alipona. Maruweruwe mengine huondoka yenyewe, kama yale ya homa. Na mtu akitunzwa vizuri na jamaa zake, hupata nafuu. Wala sisemi watu waache kusali. Sala na dawa vinaweza kwenda pamoja. Ninachopinga ni kuchelewa, kamba na fimbo. Fimbo haifiki kwenye ubongo.

Nashauri tufanye hivi:

1. Mtu akianza kusikia sauti au kuona yasiyokuwapo, apelekwe zahanati au hospitali mapema. Akiwa na homa, apelekwe siku hiyo hiyo.

2. Tusibishane naye, wala tusimcheke. Tumwambie, "Mimi siisikii sauti hiyo, lakini naona inakutesa. Twende tukatibiwe."

3. Akipewa dawa, asiache kuzimeza kwa sababu tu amepata nafuu. Amwulize daktari kwanza.

4. Mwenye kifafa asinunuliwe dawa ya minyoo dukani bila kupimwa. Kama ana vifuko kichwani, dawa hiyo inaweza kumdhuru.

5. Kila nyumba iwe na choo, na kila nguruwe awe bandani. Nyama yake ikaguliwe, kisha ipikwe hadi iive kabisa.

6. Serikali ya kijiji isikubali mgonjwa afungwe kamba au mtu ashitakiwe uchawi kwa maneno ya mgonjwa.

Ndugu zangu, mtu akivunjika mguu, hatumwulizi amemkosea nani. Tunambeba. Ubongo nao ni kiungo cha mwili, nao huugua. Mwenye kuugua ubongo abebwe vivyo hivyo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, umewahi kuona kisiki ukadhani ni mnyama? Nini kilikusahihisha?
2. Kwa nini jina analotaja mgonjwa si ushahidi?
3. Mtu ambaye hali nguruwe anawezaje kupata vifuko vya tegu?
4. Katika kijiji chenu, nyumba ngapi hazina choo? Mtaanza lini kuchimba?