Programu za simu: kukagua mapema au kungoja kosa lijitokeze?

Mwezi Agosti 2025, lugha ya kompyuta iitwayo TypeScript iliipita Python na JavaScript na kuwa lugha yenye waandishi wengi zaidi kwenye GitHub, ghala kubwa la mtandaoni ambako waandishi wa programu duniani huhifadhi kazi zao. Habari hii inaweza kuonekana ni ya wataalamu peke yao, lakini inamgusa kila anayetuma pesa au kupokea taarifa kwa simu.

Mvutano ni upi?

Kompyuta hutunza kila kitu kwa aina yake. Kuna namba, ambazo hujumlishwa na kutolewa. Kuna maandishi, kama jina la mtu au la kijiji. Aina hizi zikichanganywa, hesabu huharibika. Kwenye JavaScript, salio la 500 likihifadhiwa kama maandishi, kisha ukaongeza namba 300, hupati 800. Unapata 500300, kwa sababu kompyuta imeyabandika pamoja kama maneno. Wala haitoi onyo; inaendelea na kazi.

Fikiria mashine mbili za kusaga. Mwenye mashine wa kwanza hupepeta mahindi yote kabla ya kuwasha. Akiona jiwe, hawashi. Wa pili huwasha papo hapo na foleni yake huenda haraka, ila jiwe likiwemo, atalijua mashine ikiwa inasaga. Java na Kotlin, zinazotumika sana kutengeneza programu za simu za Android, ni kama yule wa kwanza: aina hukaguliwa kabla programu haijaanza kazi. Python na JavaScript ni kama yule wa pili.

Kwa nini upepo umegeuka?

Njia ya pili ilipendwa kwa wepesi wake. Brendan Eich aliunda toleo la kwanza la JavaScript mwaka 1995 kwa takriban siku 10. Programu fupi ya mtu mmoja hukaa kichwani mwake. Lakini programu ikiandikwa na mamia ya watu, anayeandika sehemu moja hajui mwenzake alikusudia nini kwenye sehemu nyingine. Mwaka 2012 Microsoft ilitoa TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa ukaguzi wa mapema. Mwaka 2015 Python nayo ikaweka utaratibu rasmi wa kutaja aina, kwa anayetaka. Sasa akili mnemba inaandika sehemu ya programu, na kazi ya namna hiyo inahitaji mkaguzi zaidi.

Je, makosa yatakwisha?

Hapana. Utafiti wa mwaka 2017 kuhusu makosa ya programu za JavaScript ulionyesha kwamba ukaguzi huu ungenasa takriban asilimia 15 ya makosa yaliyochunguzwa. Si haba, lakini mengi yangepita. Anayepepeta hutambua jiwe. Hatambui kama mahindi ni ya jirani. Programu ikikukata ada mara mbili, ada bado ni namba, na ukaguzi hauoni tatizo.

Tena aina ikichaguliwa vibaya tangu mwanzo, ukaguzi hausaidii. Namba ya simu ina tarakimu, lakini hakuna anayejumlisha namba za simu. Kwa kompyuta inafaa iwe maandishi. Ikihifadhiwa kama namba ya hesabu, sifuri ya mbele hupotea. Hata Excel hufanya hivyo, karani asipoiagiza mapema kwamba safu hiyo ni ya maandishi.

Kwa hiyo, orodha ya kikundi au ya chama cha ushirika ikiingizwa kwenye kompyuta, omba kuiona. Ukikuta namba yako inaanza na 7 badala ya 07, mwambie karani airekebishe kabla malipo hayajaanza kutumwa.