Boti ya faiba ikifa Ras Kitau, nani wa kuizika?

Maji yakipwa, anayevuka kutoka Shela kwenda Ras Kitau huona yale ambayo maji yakijaa huyaficha. Mwezi uliopita, siku za bamvua, nilishuka upande wa Manda nikakuta boti ya faiba imelala ubavu mchangani. Injini haipo, usukani haupo, hata vifuniko vimeng'olewa. Ndani mna maji ya mvua yenye utando wa mafuta, na betri moja iliyopasuka. Nilipouliza ni ya nani, nilitajiwa watu watatu tofauti, na wote watatu wameshahama.

Wazee wetu hawakuijua shida hii. Dau au mashua ya mbao ilikuwa na mwisho unaojulikana. Mafundi wa Matondoni na wenzao waliijenga, wenyewe wakaitia kalafati na sifa kila msimu, na ilipochoka ilivunjwa. Misumari iling'olewa, mataruma yaliyo mazima yakaingia chombo kingine, na kilichobaki kikawa kuni. Hadi leo mbao za majahazi makuukuu hutengenezwa samani na fremu za picha, na wageni huzinunua kwa bei nzuri. Hata chombo kilichotelekezwa, bahari ilikila kikaisha.

Faiba haiishi. Ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa kemikali. Jua na mawimbi huimegua vipande, vipande vikawa chembe, na chembe hizo huingia mchangani, mikokoni na matumboni mwa samaki. Ukiichoma, moshi wake ni sumu. Na tukumbuke kuwa zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti yetu ya Lamu.

Kuna watakaosema: mbona Flipflopi ilijengwa hapa hapa Lamu kwa taka za plastiki, ikashushwa majini 2018 na kufika Unguja 2019? Ni kweli, na ni fahari yetu. Lakini plastiki ya ndoo na chupa huyeyuka ikafinyangwa upya. Faiba ikishaganda haiyeyuki tena. Ufundi ule hautatuokoa hapa.

Sisemi turudi kwenye mbao tupu. Faiba ni nyepesi, ina kasi, na haidai kalafati. Vijana wengi wanalisha familia kwa kuwatembeza wageni ndani yake. Ninachouliza ni kwa nini boti hizi zinaachwa.

Jibu liko kwenye biashara yenyewe. Chombo cha starehe kinaishi kwa utalii, na utalii wetu umeanguka zaidi ya mara moja. Oktoba 2011 mwanamke Mfaransa alitekwa nyara hapa hapa Ras Kitau, na wageni wakatukimbia. Mwaka 2014 yakaja mashambulizi ya Mpeketoni, kisha 2020 korona ikafunga kila kitu. Kazi ikikatika, mwenye boti huiweka pwani "kwa muda". Injini huuzwa kwanza kwa sababu ina soko. Bodi halina mnunuzi, na kulivunja ni gharama. Basi muda ule unakuwa mwaka, na mwaka unakuwa kumi.

Na sheria je? Mkataba wa kimataifa wa kuondoa mabaki ya meli ulipitishwa Nairobi mwaka 2007, ndiyo maana unaitwa Mkataba wa Nairobi. Unamlazimu mwenye meli kuwa na bima ya kuondoa mabaki yake, lakini bima hiyo inahusu meli za tani 300 kwenda juu. Boti ya futi ishirini na tano iko mbali na kipimo hicho. Mkataba unaobeba jina la mji wetu mkuu hautusaidii kwenye mchanga wa Manda.

Lakini hatuko mikono mitupu. Mamlaka ya Safari za Baharini, KMA, ndiyo inayosajili na kukagua vyombo. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya vivuko na bandari, ukiacha usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa. Kwa hivyo kaunti ina pa kuanzia.

Ufaransa walikuwa na mizigo kama hii kwa maelfu. Tangu 2019, kila boti mpya ya starehe ikiuzwa, ada fulani huwekwa kwa ajili ya mwisho wake. Mwenye boti kuukuu huifikisha kituoni kwa gharama yake, na kuvunjwa huvunjiwa bure. Fikra yenyewe ni nyepesi: chombo kilipiwe maziko yake kingali hai.

Kwetu, fikra hiyo inaweza kuwa amana. Anayetaka kuendesha boti ya faiba ya starehe aweke amana anapoisajili. Akiiuza, amana inahamia kwa mnunuzi. Akiivunja ipasavyo, anarudishiwa pesa zake. Akitoweka, amana ndiyo inayowalipa vijana wa Shela na Manda kuiondoa. Betri na mafuta yatolewe kwanza, na bodi likatwe pahali maalumu, si ufuoni.

Najua pingamizi itakayokuja. Manahodha watasema wameshachoshwa na ada, na wana haki. Ndiyo maana wavuvi wadogo na vyombo vya mbao visiguswe, na wenye faiba wa hapa waruhusiwe kulipa kidogo kidogo. Mzigo mkubwa uwe kwa wenye boti za anasa, ambao wanaweza kufunga nyumba kesho na kuondoka.

Kwa zile zilizokwisha kufa, kaunti ianze kwa kuzihesabu. Ibandike tangazo kwenye kila moja, mwenyewe apewe miezi mitatu, kisha ziondolewe. Hilo halihitaji mfadhili kutoka nje.

Sisi Waislamu tumefundishwa kuwa kuondosha udhia njiani ni katika imani. Njia yetu sisi watu wa visiwa ni bahari. Mvuvi anayerudi usiku bila taa akigonga bodi lililozama nusu, hatutaweza kusema hatukuliona. Tunaliona kila maji yakipwa.